Hiyo Jeli Ni Mwili wa Nani?

Wiki iliyopita nilikuwa kinyozi hapa Matete sokoni. Foleni ilikuwa ndefu, stima ilikuwa imepotea na kurudi mara mbili, na kila mtu alikuwa kwa simu yake. Isipokuwa vijana wanne. Hao walikuwa wameinamia simu moja.

Nikachungulia. Ilikuwa ile aina ya vidio ambayo kama uko mtandaoni lazima imewahi kukupitia. Mmarekani fulani nyuma ya nyumba yake, meza, bonge la jeli linalong'aa kama sabuni ya kipande, na bastola. Anapiga. Halafu anakurudishia polepole. Risasi inaingia kwa jeli, kichwa chake kinafunguka kama ua, na nyuma yake kunabaki pango. Vijana wote: "Waaah!"

Mzee aliyekuwa kwa kiti akinyolewa akauliza bila kugeuza kichwa, "Ni nini hiyo mnaangalia?"

"Ni risasi, kuka. Wanaijaribu."

"Na huo uji ulioganda?"

"Huo ni kama mwili wa mtu."

Mzee akanyamaza kidogo. "Mwili wa nani?"

Tukacheka wote. Mimi pia. Lakini nilifika nyumbani na swali likakataa kutoka kichwani. Nikaanza kusoma, bundles zikaisha, nikaweka zingine, na leo nataka kuwaambia nilichopata. Kifupi ni hivi: hilo swali la mzee lina zaidi ya miaka 125. Wanasayansi waliligombania, majenerali waliligombania, na mwishowe jibu liliandikwa Kampala, si London. Posti ni ndefu. Chukua chai.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini

Kiswahili kilishatuambia nusu ya hadithi. Neno risasi ni jina la yale madini laini, mazito, ya kijivu, na pia ni jina la kitu kinachotoka kwa bunduki, kwa sababu hapo zamani kitu chenyewe kilikuwa donge la madini hayo tu. Madini laini yakigonga mwili yanabonyea na kutanuka.

Miaka ya 1880 baruti mpya isiyo na moshi ikaja. Risasi zikaanza kwenda kwa kasi kubwa sana, na madini laini peke yake hayangeweza kuvumilia ndani ya mtutu. Kwa hivyo wakayavalisha koti la chuma kigumu. Risasi ikawa nyembamba, ngumu, ya haraka. Bunduki ya Waingereza ya wakati huo, Lee-Metford, ilitumia risasi ya milimita kama 7.7. Ikipata nyama tupu bila kugonga mfupa, mara nyingi ilipita moja kwa moja na kuacha tundu dogo.

Risasi yenye shimo kichwani ni kurudi nyuma kwa makusudi. Unaacha pua ya risasi wazi au na shimo, ndiyo ikigonga kitu chenye maji maji, kama mwili, ule ukinzani uisukume ijifungue. Ikifunguka inafanya mambo mawili. Inaacha jeraha pana zaidi, na inapoteza kasi haraka, kwa hivyo kuna nafasi nzuri ibaki ndani ya aliyepigwa badala ya kutoka upande wa pili na kumpata mwingine. Hayo mawili yashikilie, kwa sababu ugomvi wote uko hapo.

Sasa wale jamaa wa vidio. Si wote wajinga, tusidanganyane. Wengine hupanga mitungi ya maji kwa mstari na kuhesabu risasi imepasua mingapi. Wengine hulowesha vitabu vya zamani vya namba za simu. Walio makini hutumia jeli ya gelatini, ile inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa kipimo cha asilimia 10, kwa sababu inapunguza kasi ya risasi karibu na vile msuli unavyofanya. Halafu wanaifunika na kitambaa cha jeans. Kwa nini jeans? Kwa sababu kitambaa kinaweza kujaa kwa lile shimo la pua, na risasi ikasahau kufunguka.

Hiyo mitihani ya nyuma ya nyumba ina babu yake. Tarehe 11 Aprili 1986, maafisa wa FBI walirushiana risasi na majambazi wawili huko Miami. Jambazi mmoja alipigwa mapema na risasi ya bastola iliyofunguka vizuri kabisa, lakini ikasimama kabla ya kufika moyoni. Akaendelea kupiga. Maafisa wawili wakafa. Baada ya hapo FBI wakaweka kanuni yao: risasi iingie kwa jeli angalau inchi 12 na isizidi 18, yaani kama sentimita 30 hadi 45. Kwa hivyo ule mwanaume mwenye meza nyuma ya nyumba anafanya mtihani wa serikali yake bila kuajiriwa.

Lakini jeli haina mfupa. Haina mapafu. Haiogopi na haikimbii. Na haina jina, na hapo ndipo mzee wa kinyozi alinishika.

Mwaka 1895, hapa na kwingine

Chetambe si mbali na hapa. Iko juu ya Webuye, upande wa Bungoma, na kama umekulia pande hizi umesikia jina hilo kabla hujajua kusoma. Ilikuwa ngome ya Watachoni, ukuta na handaki juu ya mlima. Mwaka 1895 Waingereza, wakiongozwa na Charles Hobley aliyekuwa na kituo chake Mumias, walivamia kwanza ngome ya Lumboka ya Wabukusu, halafu wakaja Chetambe.

Chanzo chenyewe kilikuwa bunduki. Wabukusu walikuwa wamezipata kutokana na biashara ya misafara, Waingereza wakazitaka, wakanyimwa, na kikosi kilichotumwa kuzifuata kikauawa. Jibu lilikuja na askari wa Kisudani, wapiganaji wa Kiganda na bunduki ya Maxim. Ndani ya ngome kulikuwa na wanawake na watoto. Watu waliuawa kwa mamia.

Mwaka huohuo, mbali sana, jeshi la Waingereza la India lilikuwa linapigana Chitral, ambayo siku hizi iko Pakistan. Askari walirudi wakilalamika. Walisema ile risasi mpya yenye koti gumu inampita mtu na bado mtu anakuja. Yaani malalamiko hayakuwa kwamba hawawapigi. Malalamiko yalikuwa kwamba wakipigwa hawaanguki haraka.

Kiwanda cha silaha cha serikali karibu na Calcutta kikapewa hiyo kazi. Mji wenyewe unaitwa Dum Dum. Afisa mmoja hapo, Neville Bertie-Clay, akatengeneza risasi ambayo koti lake halifiki hadi puani, madini laini yakabaki wazi kidogo. Hiyo ndiyo dumdum. Neno ambalo watu hutumia kwa kila risasi mbaya ni jina la mtaa tu, kama vile mtu aite kitu Matete.

Uingereza kwenyewe wakatengeneza yao, yenye shimo kichwani hasa, wakaiita Mark IV. Hiyo ni babu wa zile mnazoona kwa vidio.

Chetambe ilitangulia dumdum. Nataka hilo liwe wazi, kwa sababu najua mtu atatoka hapa akaandike mahali kwamba Chetambe watu walipigwa na dumdum. Sijasema hivyo. Ninachosema ni kwamba mwaka watu wa hapa walipokuwa wanazika wao, ofisini kulikuwa na watu wanapanga jinsi ya kufanya risasi iumize zaidi watu kama sisi. Na "watu kama sisi" si maneno yangu ya hasira. Subiri nifike Hague.

Mtihani wa kwanza ulifanywa kwa watu

Mwaka 1898 jeshi la Waingereza na Misri lilipanda mto Nile kwenda Sudan. Kabla ya vita vya Atbara, mwezi Aprili, askari Waingereza ambao hawakuwa wamepewa risasi mpya walikaa chini na tupa na kusugua pua za risasi zao wenyewe. Hebu fikiria hiyo picha. Vijana wa umri wetu, jangwani, mmoja baada ya mwingine wakikwaruza vichwa vya risasi. Hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani kabisa, na mtihani wake haukufanywa kwa jeli.

Tarehe 2 Septemba 1898, Omdurman, nje ya Khartoum, Mark IV ilikuwa vitani. Wasudani zaidi ya 10,000 walikufa siku hiyo. Upande wa Waingereza na Wamisri hawakufika 50. Bila shaka Maxim na mizinga ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini risasi ya shimo kichwani ilipita mtihani wake mbele ya wale wenye jeshi.

Wakati huohuo Ujerumani, profesa wa upasuaji anaitwa Paul von Bruns, wa chuo cha Tübingen, alikuwa akifanya majaribio yake mwenyewe. Alipiga maiti kwa risasi zenye pua laini na kuandika alichokiona: majeraha ya kutisha. Maandishi yake yakasambaa Ulaya, na watu wakaanza kusema hizi risasi zipigwe marufuku.

Waingereza wakapandisha mori. Daktari wao Alexander Ogston, Mskoti, akajibu kwamba Bruns hakutumia dumdum. Alitumia risasi za kuwindia, ambazo madini laini yake yamebaki wazi sana kuliko ya Dum Dum, kwa hivyo mtihani wake haukuwa wa haki.

Nikiwa nasoma hiyo sehemu nilicheka peke yangu usiku. Hiyo ni sehemu ya komenti ya kila vidio ya jeli! "Bro, umetumia risasi tofauti." "Bro, umbali ni mfupi." "Bro, ungeweka jeans." Na Ogston alikuwa na pointi, ukweli usemwe. Mtihani wa Bruns haukuwa wa risasi yenyewe. Lakini angalia walichokuwa wakibishania: kidonda ni kikubwa kiasi gani, koti limeisha wapi. Msudani na Mhindi walikuwa ndio sababu ya ubishi wote, na hakuna aliyewauliza chochote. Walikuwa jeli.

Hague, na geti

Mei 1899 mataifa yakakutana Hague, Uholanzi, kujadili sheria za vita. Hoja ya kupiga marufuku risasi zinazofunguka ikaletwa mezani.

Mwakilishi wa jeshi la Uingereza, Jenerali John Ardagh, akasimama kuitetea risasi. Hoja yake, kwa maneno yangu, ilikuwa hii: askari mstaarabu akipigwa anajua ameumia, analala chini, anangoja machela. Lakini mshenzi akipigwa vilevile anaendelea kuja na mkuki wake, na kabla umweleze kwamba anavunja kanuni atakuwa ameshakukata kichwa. Kwa hivyo, kwa vita vya huko, risasi inayofunguka inahitajika.

Isome mara mbili. Hakusema risasi haiumizi. Alisema kuna watu wa aina mbili, na kuna risasi ya kila aina. Mzee wa kinyozi aliuliza "mwili wa nani?" na huyu jenerali alikuwa tayari amejibu, mbele ya dunia nzima, bila aibu.

Alishindwa. Uingereza na Marekani zilikataa, nyingi zikakubali, na tarehe 29 Julai 1899 Tamko likatolewa: mataifa yanaahidi kutotumia risasi zinazofunguka au kutanuka kirahisi ndani ya mwili wa binadamu. Watu husimulia hadithi hii na kuishia hapo, furaha, ustaarabu umeshinda.

Lakini soma mstari wa chini. Tamko lilifunga mikono ya mataifa yaliyotia sahihi, na tu wakati yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Asiyetia sahihi akiingia vitani, ahadi inaanguka. Sasa niambie, mwaka 1899 ni Mtachoni gani alikuwa amealikwa Hague? Ni Mnandi gani? Ni Msudani gani? Sheria ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na geti, na sisi tulikuwa nje ya geti.

Na ushahidi haukuchelewa. Oktoba 1899 Uingereza iliingia vitani Afrika Kusini dhidi ya Makaburu, ambao walikuwa Wazungu. Ikaiweka Mark IV kando na kurudi kwa ile risasi ya zamani yenye koti kamili. Kuna sababu ya kiufundi pia, na ni haki niitaje: Mark IV ilikuwa na hitilafu, koti lilikuwa linavuka ndani ya mtutu. Lakini siasa ilikuwepo, kelele za Hague bado zilikuwa moto, na adui wa safari hii alikuwa na magazeti ya Ulaya yanayomtetea.

Uingereza ilikubali Tamko mwaka 1907. Katikati ya 1899 na 1907, huku kwetu vita havikulala. Wanandi, majirani wetu, walipigana na Waingereza miaka na miaka hadi Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa kupigwa risasi kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Tena, sisemi ilikuwa risasi ya aina gani. Nasema hakukuwa na karatasi popote duniani iliyomkinga na aina yoyote.

Kampala walifunga geti

Sasa ruka miaka. Hii ndiyo sehemu ambayo sikuijua kabisa hadi wiki hii, na inaniudhi kwamba hakuna mtu aliyewahi kunifundisha.

Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha ICC, uliandikwa 1998. Kenya iliuridhia 2005, na sote tunajua ICC kwa sababu zetu. Ndani yake kutumia risasi zinazofunguka kulikuwa uhalifu wa kivita. Lakini tu katika vita vya nchi na nchi! Yaani serikali ikipigana na waasi wake mwenyewe, au makundi yenyewe kwa yenyewe, hicho kipengele hakikuwa na meno. Na nitajie vita vingi vya Afrika tangu uhuru. Sudan. Kongo. Kaskazini mwa Uganda. Somalia. Vingi ni vya ndani. Miaka 99 baada ya Hague, geti bado lilikuwa palepale na sisi bado nje.

Juni 2010 nchi wanachama wa ICC zikakutana Uganda, Munyonyo, Kampala, pale kando ya ziwa. Wengi wanakumbuka mkutano huo kwa mambo ya uvamizi wa nchi na nchi. Lakini tarehe 10 Juni 2010, kwa pendekezo lililosukumwa na Ubelgiji, walipitisha kitu kingine: kutumia sumu, gesi za kuua na risasi zinazofunguka kuwe uhalifu hata katika vita vya ndani. Kuna masharti. Nchi lazima iyakubali marekebisho hayo kwanza ndiyo yaifunge, na lazima anayezitumia ajue kwamba zitaongeza mateso bila faida.

Miaka 111 kutoka Hague. Na geti likafungwa wapi? Kampala. Kutoka Webuye unapanda gari hadi Malaba, unavuka, unaendelea, unafika siku hiyohiyo.

Lakini polisi je?

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu, na sitaki kujifanya ni rahisi.

Hizi sheria zote ni za vita. Polisi akiwa kazini mtaani hayuko vitani, kwa hivyo haziongelei bastola yake. Nchi nyingi zinawapa polisi risasi zinazofunguka. Polisi wa New York walitangaza kuhamia kwazo mwaka 1998, na hoja yao ni ile ya pili niliyokuambia ushikilie: risasi ibaki ndani ya mhalifu, isipite ikampate mama anayeuza nyanya nyuma yake. Fikiria stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni. Hiyo hoja ina uzito.

Uzito wa upande wa pili ni kwamba anayepigwa si mhalifu kila wakati. Na kidonda kilichofunguka ni kigumu kwa daktari kuliko tundu lililopita. Kwa hivyo kitu ambacho mwanajeshi angeshtakiwa kwa kukitumia dhidi ya adui, polisi anaweza kuruhusiwa kukitumia dhidi ya raia. Nimeizungusha hiyo sentensi kichwani siku nne na bado hainikai vizuri.

Na sisi kizazi hiki hatuongei kuhusu hii maneno kutoka mbali. Juni 2024 tulikuwa barabarani, au tulikuwa kwa simu tukiwaangalia wenzetu barabarani. Tarehe 25 watu walipigwa risasi karibu na Bunge. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai. Nakumbuka wiki hiyo watu wakipiga picha maganda ya risasi waliyookota na kuuliza mtandaoni, "Hii ni ya aina gani?" Kwa ghafla kila mtu alikuwa mtaalamu. Kuna kiwanda cha serikali cha risasi Eldoret, mwendo wa barabara moja kutoka hapa, kilijengwa miaka ya 1990 kwa mitambo ya kampuni ya Ubelgiji, na watu wa rika langu wengi hawajui kipo.

Kujua aina ya risasi ni muhimu. Inasaidia uchunguzi, inasaidia mahakama. Lakini swali la kwanza kwa kila mmoja wa wale 39 lilikuwa ni la mzee: ni mwili wa nani, na nani alipiga?

Sasa niwaambie kwa nini naandika

Miezi miwili iliyopita jamaa alinitumia ujumbe. Alisema ana mtu mwenye bastola, tununue mguu wa ng'ombe na mitungi kadhaa ya maji, twende mahali pametulia tufanye "jaribio la kwanza la Kenya". Itaenda viral, alisema. Na alikuwa anasema ukweli. Ingeenda.

Sitadanganya kwamba nilikataa papo hapo. Niliacha chuo, hizi posti ndizo kazi, na kodi ya nyumba haijui maadili. Nilifikiria hiyo vidio usiku mzima, hadi kichwa chake nilikuwa nimeshakiandika. Kilichonizuia kwanza kilikuwa woga tu. Kuwa na silaha bila leseni Kenya ni jela, Sheria ya Silaha haina mchezo, na hata mwenye leseni hakupewa ili acheze na nyama porini. Nikamwambia hapana, akaniita mwoga, tukaachana hapo.

Leo nina sababu nyingine. Ile vidio ingekufundisha risasi inafungukaje. Isingekufundisha kitu kingine chochote. Ungesema "Waaah" kama vijana wa kinyozi, ungeskroli, na ungebaki bila kujua kwamba kuna mtu aliwahi kusimama Hague kueleza kwamba wewe unahitaji risasi ya aina yako.

Mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwapeleka maelfu ya watu Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale. Ilikuwa imepita miaka 52, na bado watu walijua ni akina nani. Walikuwa na ukoo, walikuwa na watoto. Mwaka uliofuata, Februari 1948, polisi wa mkoloni walipiga risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, wakaua watu 11. Kukumbuka kulikuwa hatari kiasi hicho.

Kwangu mimi sasa ni rahisi, nauli tu. Jumamosi naenda Chetambe na simu yangu. Sitapiga kitu isipokuwa picha. Nitarekodi wazee watakaokubali kuongea, na nikirudi nitaweka hapa, hata kama itapata watazamaji 40.

Na wewe, kama una kuka au kukhu pande za Matete, Webuye, Lugari, Kimilili, aliyeambiwa na wazazi wake kilichotokea pale mlimani, mkalie leo jioni umuulize majina. Kama atakubali, rekodi, unitumie. Nitayaweka yote kwa vidio moja.

Yule mzee wa kinyozi nilimtafuta juzi nimwambie nimepata jibu la swali lake. Alikuwa ameshasahau aliuliza. Nikamkumbusha, nikaanza kumweleza mambo ya Hague, ya jenerali, ya Kampala. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniambia, "Baba yake kuka yangu alikuwa Chetambe. Kaa chini." Kwa hivyo rekodi ya kwanza tayari ninayo.